Simuleta Mpya, Milima Ileile

Cessna 172 haipiti juu ya Rwenzori. Kilele cha Margherita kimefika mita 5,109 kutoka usawa wa bahari, na ndege hiyo ya injini moja, ambayo marubani wengi duniani wamejifunzia, huishiwa nguvu kwenye mita elfu nne na ushei. Anayeruka nayo kutoka Kasese, magharibi mwa Uganda, kuelekea upande wa Kongo hana njia ila ileile ya teksi za abiria: ashuke kusini kwa kufuata barabara hadi Kikorongo, karibu na Ikweta, kisha akate magharibi apitie Kinyamaseke mpaka Bwera, ambako milima huinama na kumwachia mtu upenyo. Chini yake ataliona soko la Mpondwe, mto Lhubiriha, na ng'ambo ya mto mji wa Kasindi.

Wanafunzi wangu wa Bwera walilijua jambo hilo kabla hata mmoja wao hajapanda ndege. Walilijua kwa sababu walijaribu kupita juu wakashindwa, tena na tena, mbele ya kioo cha laptopu kuukuu yenye Microsoft Flight Simulator X, toleo la Oktoba 2006. Ndiyo maana ninapoulizwa, na naulizwa sana, kama inafaa mtu kutoa pesa kununua simuleta mpya, sianzi na bei. Nauliza ya zamani imemfundisha nini, na kama ameshaimaliza.

Laptopu hiyo niliinunua Kampala ikiwa imeshatumika, nikasafiri nayo kwa basi hadi Kasese na kutoka hapo hadi Bwera nimeipakata. Programu ilitoka kwenye DVD. Dunia iliyokuwa ndani yake ilikuwa na viwanja vya ndege zaidi ya elfu ishirini, lakini Kasese yenyewe ilikuwa haionekani. Hakukuwa na mji, wala kiwanda cha saruji cha Hima, wala reli iliyofika 1956 kuchukua shaba ya Kilembe. Kulikuwa na nyasi za rangi moja, maji ya Ziwa George, na milima iliyochongwa harakaharaka. Uwanja wa ndege wa Kasese niliuchora upya mwenyewe kwa programu ya bure ambayo wapenzi wa simuleta hugawiana, nikaulaza kaskazini-kusini kama ulivyo, nikauweka kwenye mwinuko wake wa mita 960 hivi.

Picha ilikuwa duni, ila hewa ilikuwa ya kweli, na hewa ndiyo inayobeba ndege. Saa nane mchana, joto la Kasese likifika nyuzi 30, hewa hutanuka na kuwa nyepesi. Ukipiga hesabu, ndege iliyosimama kwenye mita 960 hufanya kazi kana kwamba iko mita 1,700. Injini inavuta oksijeni pungufu, propela inapata hewa kidogo ya kusukuma, na bawa linahitaji mwendo mkubwa zaidi ndipo liinue. Kwenye simuleta ya 2006 niliweza kuweka joto kwa mkono: nyuzi 18 kwa safari ya alfajiri, nyuzi 30 kwa ya mchana. Mwanafunzi yuleyule, ndege ileile, uwanja uleule. Asubuhi anaondoka vizuri. Mchana anakula njia ya kurukia karibu yote, kisha anapanda taratibu huku milima ikimkaribia. Nimewahi kufundisha msongamano wa gesi kwa chaki ubaoni, na nimewahi kuufundisha hivyo. Sihitaji kusema ni upi uliobaki vichwani.

Ndani yake mlikuwa pia na shule nzima ya urubani, masomo yaliyoandaliwa na mkufunzi Mmarekani Rod Machado, kuanzia kunyoosha ndege hewani hadi kutua kwa vifaa peke yake bila kuona nje. Watu wengi waliokuwa na programu hiyo hawakuwahi kuyafungua. Walirusha Boeing 747 siku ya kwanza, wakaiangusha, wakachoka, kisha wakaanza kusubiri toleo jipya. Nawaambia wazi kwamba hao hawakuwa na haja ya toleo jipya.

Aliyenifunza kuitumia vizuri hakuwahi kushika kompyuta. Ni mjomba wangu, ndugu wa mama, ambaye ujana wake ulipita upande wa Beni na Bunia akipakia mizigo kwenye ndege ndogo zinazohudumia miji isiyofikika kwa barabara. Kila alipovuka kuja sokoni Mpondwe alipita nyumbani kunisalimu. Jioni moja alinikuta nikirusha Cessna Caravan, ndege anayoijua kwa mikono yake. Nikampisha kiti.

"Shikamoo, Mjomba. Karibu uone. Hii ndiyo Caravan yenu."

"Marahaba, mpwa wangu. Naiona." Akaitazama ikiondoka Kasese, ikanyanyuka mapema na kupanda bila taabu. Akanyamaza kidogo. "Umepakia nini?"

"Sijapakia kitu, Mjomba. Niko peke yangu ndani."

"Basi hiyo si ndege ya huku."

Tukafungua ukurasa wa mizigo, ambao mimi nilikuwa naupita kila siku bila kuugusa. Mjomba akapanga: magunia ya maharage ya kilo mia mia, akataja ni mangapi mbele, mangapi katikati, na abiria wawili na mafuta ya kwenda na kurudi. Caravan ya namna ile inaruhusiwa kuruka na uzito wa takriban kilo 3,970 pamoja na uzito wake yenyewe, na tulikuwa tumeukaribia. Nikaweka joto la mchana. Ndege ikakimbia, ikakimbia, ikanyanyuka mwishoni kwa shingo upande. Kisha akaniambia nihamishe magunia mawili kutoka mbele niyatupe mkiani, "kama anavyofanya mpakizi mvivu." Safari hiyo pua iliinuka yenyewe kabla ya wakati, nikasukuma usukani wote mbele na bado ilipanda juu, ikakosa mwendo, ikalala ubavu. Mjomba hakushangaa. Alisema tu kwamba gunia la mwisho siku zote ndilo wanalobishania, na kwamba rubani mzuri ni yule anayeshuka kuangalia mwenyewe lilipowekwa.

Tangu siku ile hatukuruka tena na ndege tupu. Klabu yetu ya simuleta pale shuleni ikawa na utaratibu: kabla ya kuwasha injini, mmoja anaandika uzito daftarini, mwingine anakokotoa kitovu cha uzito, wa tatu anasoma joto. Na programu ya 2006, iliyokuwa na sura ya kizee kwa kila mtu aliyeiona, ilijibu kila swali tulilouliza.

Simuleta mpya ya Microsoft ilitoka Agosti 2020. Shule za Uganda zilikuwa zimefungwa tangu Machi kwa sababu ya korona, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Kwa hiyo habari zake zilinikuta nyumbani, bila wanafunzi, nikiwa na muda mwingi wa kutamani. Ilitengenezwa na Asobo Studio ya Bordeaux, Ufaransa, na haikuwa imechora dunia kwa mkono. Ilichukua picha za satelaiti za Bing, ikazimimina kwenye kompyuta ya mchezaji kupitia intaneti wakati anaruka. Hifadhi ya data ya dunia yake ilifikia petabaiti mbili, yaani GB milioni mbili. Ulaya waliiuza pia katika boksi lenye DVD kumi, na hata hizo hazikuwa dunia yote.

Bei ya toleo la kawaida ilikuwa dola 60. Hiyo ndiyo namba watu wanayoitaja, na ndiyo namba ndogo kuliko zote. Ilitaka nafasi ya GB 150. Ilitaka RAM ya GB 8 kwa uchache na 16 ili mtu aifurahie, wakati laptopu yangu ilikuwa na 4. Ilitaka kadi ya picha ambayo haiingii kabisa kwenye laptopu ya namna yangu. Na ilitaka intaneti isiyokatika. Januari 2021, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Julai mwaka huohuo bando la data likaongezewa ushuru wa asilimia 12. Bwera tunaishi pia na umeme unaoondoka bila kuaga. Nilipiga hesabu ya kompyuta, kadi, betri na bando, nikaona ningeweza kununua ng'ombe wa maziwa na kubaki na chenji. Sikununua. Lakini pia sikutaka kuhukumu kitu nisichokiona.

Nafasi ya kukiona niliipata Kasese, kwa rafiki yangu fundi wa kompyuta aliyejiundia mashine yenye nguvu kwa kazi zake za video. Alikuwa na intaneti ya uhakika kuliko yetu, akainunua ile mpya, akaniita.

Nilipotaka kuondoka Kasese niliiona Kasese. Ndiyo tofauti yenyewe, na sitaki kuidogosha. Mabati ya nyumba, barabara ya Kilembe ikiingia bondeni, mto Nyamwamba na mkanda mpana wa mawe ulioachwa na mafuriko ya Mei 2013 na ya Mei 2020, yale yaliyoharibu hospitali ya Kilembe. Nilifuata barabara kusini bila ramani, kwa macho tu, nikageuka Kikorongo kwa sababu niliitambua njia panda. Upande wa kushoto maji ya chumvi ya Katwe yalikuwa na rangi yake. Nilipokaribia Bwera nilishusha mwendo ili nitafute shule yangu, nikaipata.

Muhula ulipofungwa niliwapeleka wanafunzi wachache wa klabu wakaone. Msichana mmoja alitafuta nyumba ya bibi yake kwenye vilima vya juu ya Bwera kwa kufuata mto, mwamba kwa mwamba, mpaka akalipata paa. Akaizunguka mara kadhaa. Wenzake walimngoja bila kulalamika, maana kila mmoja alijua zamu yake atafanya nini. Watoto hawa wamesoma ramani za Ulaya na Amerika kwa majina ya mito yote, na hawakuwa wamewahi kuiona ardhi yao ikichukuliwa kuwa sehemu ya dunia inayostahili kuchorwa. Kama kuna hoja moja ya kununua simuleta mpya ambayo sina jibu la kuipinga, ni hiyo.

Kuna na ya pili, na ni ya kifizikia. Toleo la 2006 liliihesabu ndege kama nukta moja inayosukumwa na hewa. Hili jipya, kwa maelezo ya watengenezaji wake, linaigawa ndege katika sehemu zaidi ya elfu moja na kuhesabu hewa inavyoipiga kila sehemu. Mlimani jambo hilo linasikika mikononi. Upepo unaopanda mteremko unakuinua. Ukivuka ukingo na kuingia upande wa pili, unaoshuka unakusukumia bondeni. Kwenye ile ya zamani Rwenzori ilikuwa ukuta tu. Kwenye mpya ilikuwa mlima unaopumua, na mtu anayeishi chini yake, anayeona mawingu yakijengeka kila siku baada ya saa sita mchana, anajua kuwa hiyo ndiyo kweli.

Hata hivyo, siku hiyohiyo niliona kingine. Wanafunzi hawakufungua daftari. Hakuna aliyeuliza uzito wala joto. Walikuwa wanatazama nje, na walikuwa na haki, kwa sababu kulikuwa na cha kutazama. Nilipowakumbusha magunia ya Mjomba waliyaweka upesi ili warudi dirishani. Ndege ilifanya vilevile kama nyumbani: ilikimbia sana, ikapanda kwa shida. Tulikuwa tumekuja Kasese na kutumia mashine yenye thamani ya mishahara yangu ya miezi mingi, na swali la mzigo likapata jibu lilelile tulilokuwa nalo Bwera.

Kisha ikaja ya 2024, tarehe 19 Novemba mwaka huo. Siku za mwanzo seva zake zilielemewa, watu duniani kote wakakaa mbele ya vioo visivyofunguka. Hayo yalirekebishwa. Kisichorekebishika ni namna ilivyojengwa. Inachukua nafasi ndogo zaidi kwenye diski, kama GB 50, kwa sababu sehemu kubwa ya vitu vyake, hata ndege, inaletwa kutoka kwenye seva kila inapohitajika. RAM ya chini kabisa ni GB 16, inayopendekezwa ni 32. Intaneti ya chini kabisa ni megabiti 10 kwa sekunde, inayopendekezwa ni 50. Tuchukue hiyo ya chini: ikitumika yote, ni GB 4.5 kwa saa moja. Mwanafunzi mmoja kuzunguka nyumba ya bibi yake kwa saa moja anakula bando ambalo familia nyingi za Bwera hulitumia kwa wiki kadhaa. Ilipotoka, bei yake ilikuwa dola 70, karibu shilingi 260,000 za Uganda, na juu yake kulikuwa na matoleo yaliyopanda hadi dola 200.

Ina sehemu nzuri ya kazi za urubani, ambapo mtu anaanza na leseni za mwanzo na kupandishwa taratibu hadi kubeba wagonjwa au kuzima moto. Naipenda fikra hiyo. Lakini DVD yangu ya 2006 inafunguka umeme ukiwa wa jua na mnara wa simu ukiwa umezimika. Studio iliyoitengeneza ilifungwa na Microsoft Januari 2009, na programu haikujua. Seva za hii ya 2024 zikizimwa siku moja, kwa uamuzi wa watu walio mbali nasi, mnunuzi atabaki na nini? Kwa mtu wa mpakani, anayejua maana ya kitu kufungwa ghafla na wengine, swali hilo lina uzito ndani ya bei.

Uamuzi wangu ulikuwa huu. Laptopu ya zamani niliiongezea RAM hadi kikomo chake, nikabadilisha diski, nikanunua joistiki iliyotumika. Joistiki iliongeza ukweli wa kuruka kuliko picha yoyote, kwa sababu mkono ulipata mahali pa kujifunzia. Kwenye kompyuta nyingine za klabu tuliweka FlightGear, ambayo ni ya bure, imejengwa na watu wa kujitolea tangu miaka ya 1990, na inakubali Linux. Milima yake imejengwa kwa sehemu kubwa na vipimo vilivyochukuliwa Februari 2000, wakati chombo cha anga za juu Endeavour kilipoizunguka dunia kwa siku 11 kikiipima kwa rada. Rada haizuiwi na mawingu, na Rwenzori huvuliwa shela na mawingu kwa nadra. Kwa hiyo umbo la milima yetu lilikuwa limepimwa vizuri na kutolewa bure miaka mingi kabla mtu hajaniuzia picha yake. Na mara moja kwa muhula tunakwenda Kasese kuruka kwa macho katika ile ya 2020, tukichangia bando la rafiki yangu. Ya 2024 hatujaigusa.

Sisemi kila mtu afanye hivyo. Mwenye waya wa faiba nyumbani, kompyuta yenye kadi nzuri na hamu ya kuruka akiona ardhi, hasa mlimani, anunue mpya, na ataona pesa yake. Anayesubiri ndege zilizotengenezwa kwa ustadi na kampuni za pembeni aangalie kwanza zinaendana na toleo gani, maana alizokwisha kununua kwa ajili ya ile ya 2006 hazihami pamoja naye. Anayetaka kujifunza vifaa, mzigo, hewa na subira, yuko salama na ya zamani kwa miaka mingi ijayo. Na asidanganyike na yeyote: saa za simuleta ya nyumbani, iwe ya 2006 au ya 2024, haziandikwi kwenye daftari la saa za rubani.

Hamu ya daftari hilo la rubani ndiyo iliyomleta kwangu yule msichana wa nyumba ya bibi, akiwa ameshamaliza kidato cha sita. Alikuwa ameweka akiba kutokana na kahawa ya mama yake na biashara ndogo ya vitambaa pale Mpondwe. Alitaka kuomba nafasi Soroti, kwenye chuo cha urubani kilichoanzishwa 1971 enzi za Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki.

"Mwalimu," aliniambia, "nina laki tatu. Ninunue simuleta mpya nijiandae?"

Nikamwambia hapana. Fizikia na Hisabati anazo, mzigo anaujua, Rwenzori ameshashindwa kuipita mara za kutosha. Asichokijua bado ni kama macho yake, masikio yake na moyo wake vinakubaliwa, na hilo haliamuliwi na programu yoyote. Linaamuliwa na daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na bila cheti chake hakuna anayepewa leseni. Laki tatu ziende huko kwanza, na nauli.

Alipanda basi la usiku kwenda Kampala pamoja na mjomba wake. Cheti kilitoka. Sasa tunahangaika na ada ya Soroti, ambayo ni habari nyingine kabisa, na tumeshaandika barua kwa wilaya, kwa kanisa na kwa chama cha ushirika cha kahawa. Jioni anakuja kuendelea na masomo ya kutua kwa vifaa kwenye ile laptopu, joto likiwa nyuzi 30 na magunia yote yakiwa yamepakiwa.